Jiwe Juu ya Mtungi wa Achari

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam,
14 Julai, 1957

Mdogo wangu mpenzi Leodegar,

Tumsifu Yesu Kristo. Watu wengi wakiletewa jiwe linalong'aa hukosea jambo moja: huuliza kama jiwe ni la kweli, na wakishajibiwa kwamba ndilo, hawaulizi tena. Nami nilianza hivyo hivyo, ndiyo sababu majibu yangu yamechelewa.

Lakini salamu kwanza. Mimi na shemeji yako Mektilda hatujambo, ila goti langu la kushoto limekataa ngazi. Je, wewe na mkeo Elieshi mu wazima? Kile kikohozi chake kimepoa? Tumesikia mvua zimezidi huko, nikawaza juu ya kahawa iliyokuwa juani.

Sasa nirudi kwenye jiwe. Lilifika salama ndani ya magome ya migomba, kama ulivyolifunga. Uliandika kwamba mkweo Theophil ana ubia katika shimo la mawe haya upande wa Dodoma, na kwamba ukiuza kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la urithi, nawe utapata fungu lako. Ukasema vigingi vimekwisha kupigwa, mnunuzi anangoja, na kilichobaki ni mimi niliyesoma niseme kama jiwe ni mali. Leodegar, kipande hicho ndimo walimolala baba na mama. Sijalala vizuri tangu nilipofungua yale magome.

Nilianza kwa mfanyabiashara mmoja wa ulanga, madini yale yabandukayo kama karatasi, nyuma ya soko. Alilichokonoa kwa ukucha, magamba ya zambarau yakabanduka, akasema ni ulanga mbovu usiotoa karatasi pana, na kwamba kama ninalo gunia zima nikapambie kaburi la paka. Niliona haya kwa niaba yako, na papo hapo nikafurahi, maana niliona kihamba kimepona.

Hata hivyo ile rangi ilinisumbua. Wakumbuka jinsi nilivyokuwa nikikuchosha kwa masomo yangu ya chuoni? Nivumilie tena. Ipo metali nyepesi kuliko zote, nyepesi hata ikaelea juu ya mafuta ya taa, nayo huitwa lithiamu. Haikai peke yake. Hujificha ndani ya mawe, na moja la mawe hayo hufanana na ulanga, ila ni la zambarau. Moto ndio huifichua. Kipande kikichomwa kwa moto mkali huyeyuka na kutoa povu, na ulimi wa moto hugeuka rangi ya damu ya mzee.

Basi nikaenda kwa fundi bati jirani yetu, nikamwomba anielekezee moto wa taa yake ya kuchomelea. Aliwauliza wateja wake kama wamewahi kumwona mwalimu mstaafu akipika mawe. Zamda, muuza vitumbua, akamwambia awe na adabu, mwalimu ameshainjika chungu, sasa anatafuta mboga. Walicheka mpaka moto ulipobadilika. Ulikuwa mwekundu kabisa, na povu likatoka.

Nilirudi nyumbani na majibu mawili. Yule wa ulanga alisema takataka, moto ukasema lithiamu. Na lithiamu ina kazi, ndugu yangu: hutiwa katika kioo na katika rangi ya vyombo vya udongo ili ving'ae, katika grisi ya mashine ili isiyeyuke kwa joto, hata katika baadhi ya betri za taa za mabehewa. Magazeti hunong'ona habari za mabomu pia, lakini hilo silijui na sitalifundisha. Niliketi kukuandikia kwamba jiwe ni la kweli. Nikaandika sentensi hiyo, nikaiacha kalamu, na sababu siijui.

Siku ya pili nilikwenda Mchafukoge kwa Bwana Harilal, muuza vyombo vya udongo na vioo, nikitaka kujua bei. Nilipolitoa jiwe mfukoni na kusema lilikotoka, aliangua kicheko, akamwita mkewe Madhuben aje aone, jiwe lake limekwenda kutembea Kilimanjaro na limerudi. Sikuelewa. Wakanipeleka nyuma, penye mitungi ya achari. Juu ya kifuniko kimoja lilikaa bonge la zambarau, limevunjika upande. Harilal alinieleza kwamba ndugu yake alitaka kufungua kiwanda cha vigae, akaagiza mawe machache ya kujaribia kutoka Rodeshia, kiwanda kisifunguliwe, na mkewe akapata uzito wa kukandamizia ndimu. Madhuben alinionya kwamba achari nichukue nitakavyo, jiwe nimwachie. Nikaomba kuligusa tu. Nikaweka lako penye upande uliovunjika, yakakutana kama kigae na chungu chake.

Nikauliza, nani alilivunja? Wakasema Mchaga mmoja mpole, mwenye mwanya, aliyeomba kipande cha kupambia meza.

Leodegar, unamjua mwenye mwanya. Jumamosi Theophil alilala kwetu. Nilimweleza nilichokiona. Hakukana. Alikunywa chai yake hadi ikaisha, kisha akasema kwamba shimo analoliuza hajawahi kulifikia. Mtu aliyemtoza fedha za ubia alimwonyesha kilima kwa kidole, kutoka juu ya lori, akaahidi kumletea jiwe, asilete. Naye, kwa kuogopa kwamba utamwona mjinga, akatafuta jiwe lingine la kukuonyesha. Aliapa kwamba bado anaamini shimo lipo. Aliniomba mkewe Paskalina asijue, na alipoomba hivyo alilia.

Hapo ndipo nilipopotea. Nimefundisha miaka mingi, na sijui nimwite mwizi au mwibiwa. Huenda chini ya kile kilima kuna zambarau tupu. Huenda kuna nyasi. Moto wa fundi bati ulinijibu swali la jiwe. Swali la shimo haukuulizwa. Nakiri kwako kwamba sijui, na kwamba mtu asiyejua hauzi makaburi.

Usimfukuze kijana. Ni mume wa binti yetu, na jambo la Paskalina tutalizungumza nitakapokuja Desemba, goti likiridhia. Nisalimie Elieshi, nisalimie majirani wote wa pale mferejini, na Mektilda anasema ndizi mlizotuma zimeliwa hata maganda yakaonewa huruma.

Wajua kwetu mmea wa isale ni mpaka, na jani lake ndilo aliyekosa hulibeba akienda kuomba radhi. Basi leo hii, usingoje kesho, ng'oa vile vigingi, na penye kila kigingi panda isale.

Ni mimi kaka yako,
Melkiori