Nimepona Kabisa

Jumanne, 3 Juni

Makubwa! Tumeshinda tuzo. Mkuu wa shule katangaza kwenye paredi, kifua mbele, utadhani yeye ndiye kaanzisha kikundi. Eti sisi ni shule ya mfano kwa kuzuia vijana kujiua. Ila neno lenyewe hakulitaja. Kasema "mambo yale." Yale yapi? Kikundi chetu kazi yake yote ni kulitaja! Unamwona mwenzako kapooza, unakaa naye, unamuuliza usoni: unafikiria kujiua? Akisema ndiyo, humwachi, mnakwenda wote kwa nesi. Basi. Hakuna uchawi hapo. Tulipoomba chumba cha kukutania, Mkuu huyuhuyu alisema tusimletee mikosi shuleni. Leo tumekuwa "wanangu." Nyoo!

Alhamisi, 5 Juni

Maandalizi ya sherehe ya tuzo kapewa mwalimu wa nidhamu. Sisi tunamwita Filimbi, maana haongei na mtu, anapuliza. Kikao chetu chote leo katufundisha kupiga makofi. Makofi! Pamoja, yasikatike, mpaka mgeni rasmi akae. Ukuta wa barabarani unapakwa rangi. Wa vyooni hapana, mgeni hafiki huko. Chumba chetu kimejazwa viti vya kukodi. Nikauliza wenzetu wanaokuja mchana tukae nao wapi. Kanijibu tuvumilie, tuzo kwanza. Debe tupu!

Ijumaa, 6 Juni

Sasa wanataka shuhuda. Mmoja tuliyemsaidia, apande jukwaani aeleze. "Ila asiwe wa kulialia." Nikamwambia Filimbi hatuanikani. Kaniuliza kama nataka kuiaibisha shule.

Jumatatu, 9 Juni

Filimbi kampata. Kijiko! Yule wa kidato cha kwanza, mwembamba kama jina tulilompa, anayecheka na kila mtu. Muhula uliopita mimi ndiye niliyemuuliza, mimi ndiye niliyemshika mkono mpaka kwa nesi. Nikadhani kuna mmbea. Kumbe Filimbi kaingia darasani, kauliza nani yuko tayari kuibeba shule, na Kijiko kanyoosha mkono mwenyewe. Eti, "Dada, mwalimu aliniangalia."

Kaandika maneno yake, mazuri, ya kweli. Kwamba siku nyingine bado ni nzito, ila nesi anamsikiliza. Filimbi kakata. Kaweka: *Sasa nimepona kabisa.* Halafu mazoezi! Kijiko anasema, Filimbi anapuliza. Rudia. "Kabisa" ije na tabasamu. Rudia. Nikasema lakini mwalimu, si kweli, hii si mafua. Kanijibu wageni hawapandi gari kuja kusikia habari nusunusu.

Sasa huko kwenye korido wenzake wanamwita Kabisa. Kabisa, hujambo? Kabisa, lete ufagio! Naye anacheka. Kicheko chenyewe sikipendi.

Jumatano, 11 Juni

Kijiko hajala. Anasema tumbo. Jumatano ndiyo siku yake ya kukaa na nesi, lakini nesi wetu kapelekwa getini kufanya mazoezi ya kupokea wageni. Nesi! Kavalishwa utepe kama keki. Chumba chake kimefungwa. Nikamfuata Filimbi, nikamwambia mtoto anamhitaji nesi leo.

"Si kapona?"

Hivyo tu. Akaondoka zake.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nyuma ya ratiba ya sherehe, nitaibandika kwenye daftari baadaye. Nipo chumbani kwa nesi.

Kijiko kapanda, kasema yote, kwa tabasamu. Kabisa! Makofi hayo, hayakukatika. Mama mmoja mgeni alifuta machozi. Mkuu kakabidhiwa ngao, kaikumbatia. Mimi macho kwa Kijiko. Kashuka, kapita kiti chake, kaendelea kwenda. Nikainuka katikati ya hotuba. Filimbi kanitolea macho. Ayatoe tu!

Nimemkuta nyuma ya maabara, kaketi chini na sketi yake ya kuazima. Nikakaa. Nikamuuliza, kwa neno lenyewe.

Kasema ndiyo.

Halafu kanishika. "Dada, usiwaambie. Nimeshasema nimepona, wote wamenisikia. Nitaonekana mwongo." Nikamwambia mwongo tunamjua, ana filimbi shingoni. Kacheka huku analia. Nilitaka kulia na mimi, nimeogopa mno. Lakini siri hii hatuweki, nikamwambia hivyo hivyo, twende wote.

Nesi alituona kwa mbali. Kawaacha wageni waliochelewa getini, kaja mbio, viatu mkononi. Kumbe mtu mzima yupo mmoja shule hii! Kakaa naye, kamsikiliza, hakumharakisha. Kampigia mama yake, yuko njiani. Kijiko kajilaza, kashika kidole changu.

Mlango unagongwa. Mkuu. Wageni wanataka picha, na hasa na yule binti aliyepona. Nesi kasimama mlangoni, anamwambia mtoto haondoki hapa. Mkuu kalainisha sauti, ile ya paredi: dakika moja tu, mwanangu, wageni wana safari.

Kijiko kasikia. Kaachia kidole changu. Kaketi. Anatengeneza kola, anafuta macho kwa mkono wa shati, na uso wake, naona kabisa, unajipanga kutabasamu.

"Nakuja, mwalimu."