Kabati za Baba Nimezikata

S.L.P. 88,
Tukuyu.
19 Mei, 1996.

Mpendwa kaka Farhan,

Shikamoo kaka, na amani ya Mungu iwe nyumbani kwako. Vipi hali yako, na hali ya wifi Nahla na watoto? Kile kikohozi cha Sadick kimekwisha? Nasikia huko Tanga joto halishikiki. Sisi huku mvua haijataka kuondoka, nguo nilizofua Jumatatu mpaka leo mbichi. Mimi ni mzima. Mama yupo Msasani, pale Tukuyu mjini, miguu inamsumbua kidogo, lakini akiita sauti bado inafika nyumba ya tatu.

Barua yako niliipata Alhamisi ya wiki iliyopita. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama, maana ulinikasirisha. Shangazi Rahma hakukudanganya. Kabati za maktaba ya shule alizotengeneza marehemu baba, ulizozipiga randa wewe mwenyewe ukiwa kijana, nimezikata kwa msumeno. Lakini shangazi hakukwambia sababu, kwa hiyo tulia nikueleze.

Unakikumbuka chumba chenyewe. Kabati tano zimepanda mpaka darini, meza moja ndefu katikati, na kufuli kila mlango. Funguo alikaa nazo mwalimu mkuu, kwa sababu kitabu kikipotea mwalimu ndiye anayeulizwa. Basi kwa miaka ishirini na mbili hakikupotea hata kimoja! Nilipokabidhiwa maktaba mwaka jana nilifungua, nikakuta vingine kurasa zimegandana kwa unyevu, havijawahi kufunuliwa tangu vitoke kiwandani. Kaka, nilikaa sakafuni nikalia. Watoto wangu wa darasa la nne walikuwa chumba cha pili, wanasoma kitabu kimoja watu sita.

Ndipo nikamwita fundi Ackson, huyu jirani yetu wa hapa Masoko. Kila kabati tuliikata katikati, zikawa rafu kumi fupi, zinamfikia mtoto kifuani. Milango tuliitoa. Watoto wawili wa darasa la sita wakishika huku na huku, rafu inahama. Meza ndefu imezaa meza tatu. Kuta tumezipaka mkaa uliosagwa pamoja na majani ya maboga, kuanzia chini mpaka usawa wa mabega ya mtoto, zikawa ubao wa kuandikia pande zote. Mama Tupokigwe, mzee wa kanisa la Moravian, alisuka mikeka minne akatuletea kichwani.

Sasa chumba ni kimoja lakini kina kazi nyingi. Asubuhi tunasukuma rafu pembeni, darasa la kwanza wanasoma mikekani. Mchana rafu zinakuja katikati na kukigawa chumba. Huku wanapiga hesabu ukutani, kule wanasoma kimya. Ijumaa jioni wanakuja akina mama na kadi zao za kliniki, tunajifunza kuzisoma. Msumeno ulipoingia kwenye kabati ya kwanza nilitoka nje, sikuweza kutazama. Ya pili niliishika mwenyewe.

Hapo katikati nilifanya kosa, nalo nalikiri. Unajua tope la huku, jekundu, likishika mkeka halitoki. Nikaweka ndoo na kopo mlangoni, nikawaambia watoto wavue viatu, na wanaotembea peku wanawe miguu kabla ya kuingia. Kwangu mimi lilikuwa jambo la kawaida, nyumbani tumekua hivyo, wala sikufikiri kumweleza mtu. Siku ya kwanza watoto walinawa, wakaingia, wakakaa safu safu wakiwa wameinamisha vichwa. Hakuna aliyegusa kitabu. Nilingoja, nao wananingoja. Mwisho mmoja akaniuliza kama ni lazima wafumbe macho.

Nilicheka sana, kumbe nacheka mapema. Jioni hiyo hiyo watoto walisimulia makwao, na Jumapili ilipofika kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mwalimu Mwantum amegeuza maktaba kuwa msikiti.

Maneno hayo yalimfaa mtu mmoja. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua kahawa, kila mmoja anatafuta ghala lililo karibu na barabara, na msimu unakaribia. Mnunuzi mmoja alikuwa amekitamani chumba chetu muda mrefu. Akaiambia kamati ya shule kwamba kuliko ugomvi wa dini, bora chumba kipewe magunia. Mwenyekiti wa kamati, mzee Andongwisye, akaanza kuelekea upande huo. Hapo ndipo shangazi alipokuandikia, nawe ukaniandikia kwamba niwape chumba chao, niombe uhamisho wa kwenda mjini karibu na mama, niishi kwa amani.

Sikuwapa. Niliiomba kamati ije ikutane humo humo maktabani, Jumatano ya wiki hii. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, wakaja na mabuti yamejaa tope mpaka magotini. Mzee Andongwisye alisimama mlangoni, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Mwalimu, sisi watu wazima tumesikia. Hapa ni shule au ni mahali pa kuswali?"

Kabla sijafungua mdomo, mama Tupokigwe alishatangulia. "Mikeka hii nimesuka mimi, na Jumapili mnaniona mbele kanisani. Wewe Andongwisye, kwako unaingia ndani na tope hilo? Bibi yako anakuruhusu? Nawa miguu!"

Watu walicheka mpaka mzee akacheka na yeye, akavua mabuti, akanawa. Wakaingia wote. Niliwaeleza kila kitu pole pole, nikaomba radhi kwa kutowaeleza mapema. Kisha nikawaita darasa la pili wakaendelea na somo lao pale pale, wazazi wakawapisha na kuegemea ukuta. Mgongo wa koti la mwenyekiti ulitoka na hesabu za kujumlisha. Walipopiga kura, walionyoosha mikono kutaka ghala walikuwa watatu tu. Mnunuzi ameshapata banda kwingine.

Kwa hiyo uhamisho siombi, kaka. Kwa mama nitakuwa nafika kila Jumamosi kama sasa, naye mwenyewe amesema nikiacha kazi hii nusu njia nisipite mlangoni kwake.

Tangu baba afariki wewe ndiye uliyenilea na kunisomesha, na katika miaka yote hiyo sijawahi kukukatalia neno. Hili nimelikataa, na limenichoma kulikataa. Naomba radhi kwa kutokutii. Kwa kuzikata kabati siombi radhi, na naamini baba angekuwepo angeninolea huo msumeno.

Nisalimie sana wifi Nahla, mbusu Sadick na wadogo zake. Mama anakusalimu, na shangazi Rahma naye, ingawa hasemi nami tangu wiki iliyopita. Mungu aishike mikono yako isikosee kazi, na chakula chenu kiwe na baraka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata leo nilipokukaidi,

Mwantum Maulidi