Habu Mpya za Gari la Ami

Jumanne usiku

Kutoka Malindi mpaka Kikambala hakuna anayenishinda kuendesha gari mchangani. Hata kaa hunipisha.

Ndiyo maana nilimshuku Kazungu fundi. Asubuhi aling'oa zile habu za umeme za gari la ami, vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na injini, zilizokuwa zikishika zipendapo, akafunga za kugeuza kwa mkono. Akanieleza weee, kwamba kwenye mchanga nishuke nizigeuze zote mbili, huku anacheka. Mtu anayecheka na spana mkononi simwamini.

Mchana, karibu na Dabaso, gari likazama. Nikatia fo-wili, magurudumu yote manne yavute. Magurudumu ya nyuma yakachimba, ya mbele yakanuna.

Nikampigia ami. "Kazungu katufungia mbovu."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ami, magari nayajua mimi."

Jioni akamfokea Kazungu mbele ya wateja wake, akamwambia asiguse gari letu tena. Kazungu akainama, akaitazama habu ya kulia.

"Mzee, muulize dereva wako."

Ami hakuniuliza. Ananiamini.

Kule mchangani nilishuka, nikageuza habu ya kushoto, simu ikalia, nikarudi garini nikiongea. Ya kulia sikuigusa.