Jina Lililokuwa kwenye Hati ya Hafod Grin

Jumatatu, 5 Oktoba 2009

Leo tumefungua sanduku la bati la Baba. Vyeti vya chanjo ya kondoo, ratiba za kanisa za miaka ya sabini, picha ya Mama akicheka na mtu nisiyemjua. Hati ya nyumba — hakuna! Meurig amelipekua mara mbili, kisha akalifunga kwa kishindo.

Wakili Prytherch anasema Hafod Grin, nyumba yetu na shamba lake, haijawahi kuandikishwa serikalini. Kabla ya kuuza, lazima ijulikane imetoka mikononi mwa nani ikaingia mikononi mwa nani. Na kampuni ya kupanda misonobari inayotaka kununua haitangoja zaidi ya mwisho wa mwezi.

Meurig anataka kuuza. Simlaumu sana. Goti lake limekwisha, mtoto hana, nami sina. Nilipoguna akanigeukia: nikishabeba kondoo mgongoni kwenye theluji, ndipo nije nimfundishe mapenzi ya ardhi. Kaka yangu huyo. Tunakaa wawili tu, na nyumba yenye vyumba vitano vya kulala bado haitutoshi.

Kazi ya kutafuta nimetupiwa mimi. "Si wewe ndiye Mwalimu? Nenda basi kasome."

Baba hajamaliza hata miezi mitatu kaburini.

Jumatano, 7 Oktoba

Ofisi ya nyaraka, mjini. Anayesimamia chumba cha kusomea ni Sioned Maddocks — nilimfundisha herufi mimi huyu! Bado ananiita Mwalimu, na bado anaandika kwa mkono wa kushoto nilioambiwa nimzuie nikakataa.

Sensa ya 1911. Nyumba yetu ile pale, kwa mwandiko wa baba yake babu: Edward Bellis, mpangaji. Mkewe Catrin. Mwanawe Ifan, miaka kumi na minne. Huyo ndiye Babu. Vizuri. Kumbe pana safu nyingine pembeni: watoto waliozaliwa — wawili. Walio hai — wawili.

Wawili?

Babu alikuwa mtoto pekee. Baba alituambia hivyo maisha yake yote. Nikamwambia Sioned huyu mzee amekosea kuhesabu watoto wake. Akacheka, akaenda kuniletea sensa ya 1901. Mstari wa tatu: Lowri, binti, miaka kumi na miwili.

Nilimweleza Meurig wakati wa chakula. Akasema watu wa zamani walikuwa wanakufa hovyo. Nikamwambia 1911 alikuwa hai. "Basi alikufa baadaye, Tegwen! Unataka nifanyeje, nimlilie?" Akainuka. Viazi akaviacha kwenye sahani. Meurig kuacha viazi!

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimempata tena. 1921, bwana wa jumba kubwa, aliyewapangisha watu wa bonde, alipouza mashamba yake yote kwa mnada. Sioned ana kijitabu cha mnada ule, na karani aliandika majina ya wanunuzi pembeni kwa penseli. Fungu la kumi na nne, Hafod Grin: Miss L. Bellis, muuza maziwa, London.

Si Ifan. Lowri.

Maana yake alikwenda London kuuza maziwa kama walivyofanya nusu ya watu wa bonde hili, akarudi na akiba yake, akanunua nyumba ambayo wazazi wake walikuwa wapangaji tu. Mwanamke! Mwaka ule! Nilitaka kupiga kelele mle ndani.

Meurig sijamwambia. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 12 Oktoba

Bi. Annie wa shamba la Cae Glas yuko kwenye nyumba ya wazee karibu na daraja. Miaka tisini na mmoja, masikio mabovu, akili wembe. Alisoma shule moja na Baba. Nilimpelekea mkate wa zabibu kavu. Akaunusa, akauliza nani kafa mpaka nimemkumbuka.

Nikasema, Bi. Annie, Lowri alikuwa nani?

Akautua mkate.

"Nani kakupa jina hilo?"

"Nimelisoma."

"Goronwy alikuwa hataki litajwe."

"Baba amekufa, Bi. Annie."

"Najua amekufa, mwanangu, nilikuwepo kwenye mazishi. Wewe ndiye hukuniona."

Kisha akasema, akitazama dirisha. Shangazi ya Baba. Nyumba ilikuwa yake, kila mtu alijua. Alimkaribisha kaka yake Ifan na mkewe na Baba aliyekuwa mchanga. 1927 akashika mimba. Hana mume, hataki kumtaja mwanamume. Akasema mtoto atazaliwa hapo hapo, atabeba jina lake na nyumba itakuwa yake. Babu akaona anabaki mikono mitupu na mtoto wake. Au aliona aibu ya kanisani. "Yote mawili. Watu huwa na sababu mbili, Tegwen, wanakuambia ile nzuri."

Asubuhi moja likaja gari jeusi. Madaktari wawili, wakamchukua Lowri kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili. Yeye Annie alikuwa na miaka tisa, akiwa juu ya ukuta anakula tufaha. Baba alikuwa na saba. Alilikimbilia lile gari mpaka kwenye kijito, soksi tupu, akilia anaita Anti, Anti.



Alhamisi, 15 Oktoba

Mafaili ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili yapo kwa Sioned. Hospitali yenyewe ilifungwa zamani. Ndugu wa marehemu anaruhusiwa kusoma. Nimejaza fomu, nimeonyesha kitambulisho. Sioned akaangalia karatasi iliyobandikwa juu ya faili.

"Mwalimu, wewe ni wa pili kuliomba."

Wa kwanza alikuja miaka mitatu iliyopita. Jina haruhusiwi kunipa.

Nikafungua. Cheti cha daktari, Septemba 1927. Dalili za wazimu alizoziona mwenyewe: *Anasema nyumba ni yake.* Dalili alizosimuliwa na wengine: *Anabishana na kaka yake.* Msimuliaji: Ifan Bellis.

Basi! Mistari miwili. Kwa mistari miwili alikaa mle ndani miaka arobaini na sita.

Mtoto wa kike alizaliwa Desemba. Akatolewa kwa watu wa mji wa Birkenhead kabla ya Pasaka. Lowri alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia. Mtulivu. Mtulivu. Mtulivu — mwaka hadi mwaka wanaandika neno hilo hilo. Alikufa Februari 1974. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nafundisha kijiji cha pili kutoka pale! Jumapili tulikuwa tunapita kwenye lango lao kwenda pwani, na Baba alikuwa anazima redio. Nilidhani ni heshima kwa wagonjwa.

Hilo pia si baya kupita yote. Kuna barua. Hospitali waliandika 1961 kuuliza kama familia ingemchukua, maana hana ugonjwa wowote. Jibu liko pale. Si mwandiko wa Babu, Babu alikwisha kufa. Mwandiko wa Baba, ule wenye mikia mirefu uliokuwa ukinisahihishia insha.

*Tunasikitika hakuna nafasi katika nyumba.*

Nimemwandikia yule mtu wa kwanza. Sioned atatuma. Nimeweka namba ya simu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nilimkuta Meurig zizini, anampaka kondoo dume rangi kifuani, ya kuonyesha jike gani amepandwa, kabla ya kumwachia majike. Nikamwambia yote, kwa mfululizo, bila kupumua. Hakushtuka. Hapo ndipo nilipojua.

"Hati unayo wewe."

Akaendelea kupaka.

"Meurig! Unayo!"

"Baba alinipa. Wiki ile ya mwisho. Akasema nichome."

"Umechoma?"

"Nilikaa mbele ya jiko siku mbili nimeishika. Ningekuwa nimechoma, ningekuwa nimelala usingizi toka Julai."

Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko kwa ile rangi. Nikamwonea huruma. Nikamwambia nionyeshe. Akasema hapana. Nikasema mtoto wa Lowri huenda yu hai. Akasema mtoto wa Lowri hakukamua hata ng'ombe mmoja hapa, hakuzoa mavi hata siku moja, na yeye amefanya hivyo toka ana miaka sita. "Kwa hiyo niende wapi mimi? Na goti hili? Niambie, Mwalimu. Wewe una jibu la kila kitu."



Jumapili, 18 Oktoba

Kanisani watu kumi na mmoja. Mvua. Nikiwa ukumbini nahangaika na mwavuli, nikamsikia Meurig nje anaongea na Daktari Haydn. Anasema toka Baba afe siko sawa. Silali. Nabishana naye kila siku. Na sasa nimeanza kusema nyumba si yetu, ni ya mtu mwingine. Kama daktari anaweza kuja kunitazama siku moja, taratibu tu, bila kunitisha.

Alisema kwa upole! Huo upole ndio ulionitisha. Sidhani hata anajua anarudia maneno ya nani.

Nilitoka nikampa daktari mkono, nikamwuliza habari za wajukuu, nikataja majina yao wote wanne bila kukosea. Nilijisikia kama nafanya mtihani.

Saa tisa simu ikalia. Mwanamke, sauti ya Birkenhead. Jean Cottle, yule wa kwanza kuliomba faili. Mama yake anaitwa Winnie, ana miaka themanini na moja, Desemba atatimiza themanini na miwili. Alizaliwa kwenye hospitali ile.

Alisema: "Mama hataki kitu chenu. Anataka kuona mahali tu. Amekuwa akiniuliza kama palikuwa na miti."

Nikasema ipo. Nikamwambia waje Jumamosi. Nilisema kabla sijafikiri — na nilipoweka simu Meurig alikuwa amesimama mlangoni.

Jumanne, 20 Oktoba

Kwa wakili. Prytherch ametuandalia kiapo, ukurasa mmoja tu. *Nyumba ilinunuliwa na Ifan Bellis mwaka 1921, hati zimepotea, hatujui mtu mwingine mwenye dai.* Meurig ndiye aliyempa maneno. Tusaini wote wawili Jumatatu. Saini moja haitoshi.

Nikauliza: na kama kulikuwa na mtu mwingine? Meurig akanikanyaga chini ya meza. Kwa kiatu cha shamba!

Prytherch akavua miwani. Akasema miaka ni mingi mno, pengine hakuna wa kututoa. Lakini kama yupo mtu wa damu aliye hai, lazima aandikwe, na kampuni ikiona jina hilo huenda ikakimbia. Akanitazama mimi, si Meurig. "Bi. Bellis, kama kuna jambo, ningependa nilisikie kabla ya saini. Baada ya saini litakuwa na jina lingine."

Nikasema nitafikiri. Tukarudi nyumbani. Aliendesha akiwa amekunja goti bovu, na kila alipobadilisha gia alikuwa anauma meno. Nilitaka kumwambia asimame niendeshe mimi.

Alhamisi, 22 Oktoba

Daktari Haydn amekuja. "Nilikuwa napita tu." Hakuna anayepita Hafod Grin, barabara inaishia hapa! Nilimpa chai. Akauliza usingizi, akauliza hamu ya kula, akauliza leo ni siku gani. Nikamjibu, nikamwuliza na yeye anajua leo ni siku gani. Akacheka kidogo.

Kisha nikamwekea mezani fotokopi ya cheti cha 1927. Akasoma. Akarudia kusoma. Masikio yakawa mekundu. Akasema hakuna cha kuandika kuhusu mimi, akachukua kofia, chai akaiacha. Nje alimwita Meurig. Sikusikia kitu, niliona tu Meurig ameinamisha kichwa kama mtoto anayekemewa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Jioni Meurig akasema, bila kunitazama: "Wasije." Nikasema wanakuja. Basi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Saa nne na robo asubuhi. Naandika nikiwa chumba cha juu, kwenye dirisha, maana kutoka hapa naliona lango.

Meurig ameweka trekta langoni. Limeziba njia yote. Ufunguo anao mfukoni.

Nilimfuata nikamwambia liondoe, ni bibi kizee yule, Meurig. Akasema yeye hamfukuzi mtu, trekta limeharibika. Uongo mtupu, nililisikia likiwaka vizuri!

Saa nne na nusu. Gari dogo la bluu linapanda polepole. Limesimama. Ametoka mwanamke mnene, lazima huyo ndiye Jean. Anaongea na Meurig, anaonyesha trekta. Meurig anatikisa kichwa. Jean anapandisha sauti, mbwa wanabweka, sipati neno.

Sasa mlango wa pili umefunguliwa. Fimbo kwanza. Kisha mguu. Anatoka mdogo mdogo, ana kofia ya mvua ya plastiki. Hatazami nyumba. Anamtazama Meurig. Anafungua kamba za ile kofia, anaivua —

Mungu wangu. Ni Baba! Paji lile lile, na ule mdomo uliovutika upande mmoja kama anayetaka kucheka akajizuia. Baba mzima, ndani ya koti la mwanamke.

Meurig amerudi nyuma hatua moja. Amevua kofia. Bibi anamwambia kitu, maneno machache. Meurig anaifinya tu kofia yake.

Jean anamshika mama yake kiwiko, anataka kumrudisha garini. Bibi hataki. Amesimama pale pale kwenye matope.

Meurig ameweka mkono mfukoni.

Anapanda kwenye trekta. Goti linamsumbua, ameshindwa mara ya kwanza, anajaribu tena. Amekaa. Injini imewaka — ilivyowaka mara moja, huyo mwongo! Kutoka hapa siwezi kuona ameweka gia gani, ya kurudi nyuma awapishe au ya kwenda mbele. Bibi hajasogea. Nashuka —