Kidonge cha Pili

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya asubuhi. Wagonjwa ishirini na sita, vitanda kumi na tisa. Uji umeungua tena. Nimegawa dawa, nimehesabu vijiko, nimenyoa watatu. Hayo ndiyo matibabu ya akili katika wodi yetu hapa Kisii: uji, vidonge, wembe na kufuli. Daktari huja siku ya Jumatano tu. Namwita Daktari wa Jumatano hata mbele ya bosi wangu, Omae, naye hucheka kisha anaangalia mlangoni. Daktari hamsomi mgonjwa, anasoma maandishi yangu. Nikiandika "anaongea peke yake," dozi inapanda. Nikiandika "ametulia," inashuka. Mimi huongea peke yangu njia nzima nikirudi nyumbani na hakuna aliyewahi kunidunga sindano.

Saa nne wameleta mgonjwa mpya kutoka upande wa Nyamira. Wanawe wawili wamemshika, mikono imefungwa kwa kamba ya ng'ombe, tai bado iko shingoni. Siku tano hajalala. Amekuwa sokoni Keroka akiwapanga akina mama wa ndizi kwa mstari na kuwakagua kucha. Nimecheka hadi machozi. Kisha nikafungua faili nikasoma jina.

Mwalimu Nyang'au. Mwalimu mkuu mstaafu.

Hakunitambua. Angenitambuaje? Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili nimeshikilia ua wa shule yake kwa nje. Mimi nilimtambua hata kwa kikohozi.

Jumanne, 4 Machi

Niandike mara moja, nisirudie tena. Kaka yangu Obiri alikuwa kidato cha pili alipoanza kusikia sauti. Mwalimu Nyang'au akasema ni bangi. Akamtoa mbele ya paredi, shule nzima inatazama, akamchapa hadi fimbo ikavunjika, akaagiza nyingine. Kisha akamwandikia baba barua: kijana huyu hana ugonjwa wa hospitali, mpelekeni akaombewe. Baba aliamini chochote chenye muhuri. Wakampeleka kambi ya maombi huko mbele ya Ogembo. Wakamtia mnyororo mguuni, wakamnyima chakula ili pepo lishikwe na njaa litoke. Alikufa siku ya kumi na moja.

Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea uuguzi wa akili, huwaambia ni kwa ajili ya Obiri. Wanapenda sana. Wanashika kifua. Ukweli ni kwamba nimekuwa nikimngojea huyu mtu.

Daktari ametoa maagizo kwa simu. Sindano kila asubuhi, na kidonge. Sindano inakata wazimu lakini inakaza misuli, ndiyo maana kila sindano ina kidonge chake kidogo cheupe cha kulegeza mwili. Kidonge cha pili, tunakiita. Kila muuguzi wa akili anajua hili na hakuna anayelisema: ukimchukia mgonjwa, unasahau kidonge cha pili. Nikiwa mwanafunzi nilimwona mkubwa wangu akimfanyia hivyo mtu aliyemtemea mate. Nikaapa sitafanya.

Leo nimempa sindano. Kidonge nimekitia mfukoni. Kwenye chati nimetia sahihi kwamba amekimeza.

Jumatano, 5 Machi

Ala! Mwalimu amefungua shule ndani ya wodi. Saa mbili kamili amewapanga wote ukutani, wafupi mbele. Kucha, shingo, meno. Kisha rejista, majina yote kwa kichwa, na alifika juzi. Wale wanaokataa kuoga wameoga. Onchari, ambaye hajatoa sauti tangu Krismasi, ambaye nimemlisha kwa kijiko miezi miwili, amesimama wima akajibu: "Nipo, mwalimu."

Omae alikimbia kuniita. Alitaka tufurahi pamoja. Nilikasirika. Onchari anamjibu huyu? Mimi mwenye kijiko sijawahi kupata hata "mmh"!

Daktari wa Jumatano amekuja, ametupita kama upepo, na Mwalimu amemshika akamkagua yeye pia kucha. Akaongeza dozi papo hapo. Sikuhitaji hata kuandika kitu. Sindano ikapanda mara mbili. Kidonge mfukoni, sahihi kwenye chati.

Alhamisi, 6 Machi

Taya limeanza kukaza. Anatembea kama aliyevaa gamboti zilizojaa maji. Paredi ilikuwepo lakini majina yanatoka nusu nusu, mate yanamwagika kwenye tai.

Nimefurahi. Niandike tena nisijidanganye baadaye: nimefurahi. Nilikula chakula cha mchana chote, nikaongeza.

Ijumaa, 7 Machi

Shingo imepinda. Uso unatazama bega la kushoto na haurudi. Ulimi umetoka. Macho yameviringika juu. Na akili imeanza kumrudia, hilo ndilo baya kuliko yote, anajua kila kinachompata. Huo ndio uzuri wa hizi dawa zetu, zinakurudishia akili ili uone vizuri mwili ukikutoka.

Hakukuwa na paredi. Onchari alikwenda ukutani peke yake saa mbili, akasimama pale hadi saa nne. Sikupenda kuona hilo. Alipofika kitandani alikataa uji wangu, akafunga mdomo.

Omae ameniuliza, huyu mzee amemeza kidonge chake kweli? Nikamwonyesha chati. Akaangalia sahihi, akaniangalia mimi, akaenda zake. Omae si mjinga. Ni mwoga tu, kama sisi wote.

Mchana mkewe akaja. Mama mdogo wa mwili, kitenge cha kanisani, kikapu cha obokima, ugali wetu, na mboga za chinsaga. Ugali haupiti kooni. Akaumega kama punje za mahindi akawa anamsukumia kwa kidole, moja moja, akimpangusa. Ilichukua saa nzima. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, alipokuja hapa shingo ilikuwa sawa. Sivyo?" Nikasema tunamfuatilia. Tunamfuatilia! Neno letu la kufunikia kila uchafu.

Akaniambia wanawe wameamua. Wanasema haya si ya hospitali, mtu haingii mzima akatoka amepinda. Kesho baada ya kanisa wanamchukua wakamwombee. Nikauliza wapi. Akasema, mbele ya Ogembo.

Ni kambi ile ile. Bado ipo. Nilimuuliza mara mbili nihakikishe.

Ningepanga mwenyewe mwaka mzima nisingepanga vizuri hivi. Sihitaji kufanya kitu. Ninyamaze tu, na Mwalimu Nyang'au afungwe pale alipofungwa Obiri, kwa kosa la kuwa na ugonjwa usio wa hospitali. Nimerudi nyumbani nikacheka jikoni. Mama akauliza nacheka nini. Nikasema wagonjwa.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Waadventista huja kuimbia wodi baada ya ibada, wamevaa nyeupe, na wagonjwa huwapenda kwa sababu ya maandazi. Walikuwa kwenye wimbo wa pili wanawe Mwalimu walipoingia. Kamba ile ile ya ng'ombe. Hati ya kumtoa tayari wameitia sahihi, Omae ameipokea, sheria iko upande wao.

Nilisimama na trei yangu. Nikajiambia Moraa, nyamaza. Imebaki dakika tano tu.

Mkewe alikuwa anamvalisha viatu. Kichwa cha Mwalimu kimepinda, hawezi kumtazama, kwa hiyo akawa ananitazama mimi. Jicho moja lilikuwa limeganda juu, la pili likanishika. Alikuwa anajua anakopelekwa. Alijaribu kusema kitu na ulimi ukakataa. Mtoto mkubwa akaanza kumfunga mikono na yeye akaitoa mwenyewe, akaikutanisha, kama mtu aliyezoea kutii kengele.

Obiri pia aliitoa mikono mwenyewe. Mimi nilikuwepo.

Nikasema ngojeni. Sauti ilitoka kubwa mpaka kwaya ikasimama. Nikasema huyu hana pepo. Ni dawa yetu. Kuna dawa ya pili alipaswa kupata na hakupata, kosa ni letu. Nikasema "letu". Nilishindwa kusema lile neno lingine.

Kijana akasema wauguzi ni waongo. Mama yake akasema, "Mwache sista afanye." Nikavuta sindano ya kulegeza, nikamdunga. Nikasema tungoje. Kwaya, kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine, ikaendelea kuimba.

Ulimi uliingia kwanza. Halafu macho yakashuka. Kabla ya nusu saa shingo ikageuka, taratibu, na Mwalimu akamtazama mkewe usoni. Akasema, "Viatu umevalisha kinyume."

Lo, makelele! Amina, haleluya, mama mmoja wa kwaya akaanguka chini, wagonjwa wakapiga makofi, maandazi yakamwagika. Wote wanasema ni wimbo. Mzee wa kanisa amenishika bega akaniambia nimeona kwa macho yangu sasa, niache kutegemea sindano. Haya. Miaka kumi na minne kazini, muujiza wangu wa kwanza, na umechukuliwa na kwaya.

Kamba imerudi nyumbani bila mtu. Ogembo wamekosa mgeni.

Sijamsamehe. Nimempa dawa tu.

Jumatatu, 10 Machi

Zamu yangu ya kunyoa. Nilimweka kwenye kiti uani, sabuni hadi machoni, nikaushika wembe. Akili imetulia. Kidonge cha pili amekimeza nikiangalia. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha ofisini, nilimaanisha nini siku ile niliposema kosa ni letu.

Nikamwambia. Si letu, ni langu. Nilikificha siku nne kwa makusudi, nikakuona ukipinda, nikafurahi. Kisha nikamwambia habari za Obiri. Paredi, fimbo ya pili, barua, kambi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo maisha yangu yote na yakatoka kama orodha ya nguo za kufuliwa.

Nikangoja aanguke magotini. Nikangoja hata akatae.

"Aliitwa nani?"

Obiri, nikasema. Nikataja jina la baba. Nikataja mwaka. Akafikiri kweli, nilimwona akitafuta, huyu aliyeshika majina ya wodi nzima kwa siku mbili.

"Simkumbuki," akasema. "Nilichapa wengi."

Kisha akajinyoosha, mwalimu mkuu kabisa, akasema nilichofanya ni kosa la kufukuzwa kazi.

"Ndiyo," nikasema. "Na lako?"

Nikammalizia kunyoa. Sikumkata hata mahali pamoja, na nilitaka.

Alhamisi, 20 Machi

Ameruhusiwa. Hajanishtaki. Nimemwelezea mkewe dawa: hii na hii, kamwe usimpe moja bila nyingine, nikamfanya arudie. Amenishika mikono yote miwili, ameniombea kwa Kigusii, ameniachia mkungu wa ndizi. Mlangoni Mwalimu alirudi hatua mbili akaniuliza Obiri alizikwa wapi. Nikamwambia asithubutu kukanyaga huko. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Onchari amehesabu wenzake ukutani leo. Kwa sauti ndogo, ameruka wawili, lakini amehesabu.

Baada ya chai nilichukua faili ya Mwalimu kabla haijapelekwa stoo. Nikapiga mstari kwenye sahihi zangu nne, nikaandika pembeni: hakupewa, nilijua. Nikampelekea Omae. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza kwa nini sikuiacha ipotee kama nyingine. Nikasema sijui. Akasema niende nyumbani, wataniita.

Jumapili, 23 Machi

Hawajaita.

Nimeshinda shambani na mama, tunachuma chai. Mvua za juzi zimeleta majani mengi, vikapu viwili kabla ya saa tano. Mama ameuliza mbona siku hizi siendi kazini. Nimemwambia nimepewa mapumziko. Akasema afadhali, nimekonda.

Tulichuma hadi safu ya mwisho, ile iliyo karibu na kaburi la Obiri, na kama kawaida yeye akachuma upande wa kaburi na mimi upande wa barabara. Anang'oa magugu akipita bila kuinua kichwa. Sijamwambia kwamba nilimpata yule mtu, wala kwamba nilimwachilia. Mvua ikaanza, tukafunika vikapu, tukaingia ndani.