Mkaguzi Aliyeshindwa na Viberiti

Jumatano, alasiri. Rasharasha imekatika. Hasira yangu haijakatika.

Leo nimetukanwa bila tusi hata moja kutajwa.

Mkaguzi wa shule amekuja kutoka bara kuamua kama nafaa kupelekwa ng'ambo kusomea mashine za kuhesabu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya wasichana hapa kisiwani Amu, na miaka miwili sasa swali moja haliniachi: mashine yaweza kujifunza? Si kuhesabu tu. Kujifunza, kwa kukosea.

Mashine sina. Nimejiundia yangu kwa viberiti vitupu, mia tatu na kitu, nilivyoviomba madukani. Inacheza ule mchezo wa kupanga alama tatu mstari mmoja. Kila kiberiti ni hali moja ya mchezo. Ndani mna shanga za rangi, na ushanga ninaoutoa bila kutazama ndio unaosema mashine icheze wapi. Ikishindwa, ushanga ule nauondoa. Ikishinda, nauongezea wenziwe. Mwanzoni kila mwanafunzi aliishinda. Sasa hawaiwezi.

Bwana Mkaguzi alicheza mara tano, asishinde hata moja. Akaisukuma meza, viberiti vikamwagika sakafuni, akacheka.

"Bi Mwalimu, nani kakufundisha ujanja huu? Mumeo?"

"Sina mume, Bwana. Nimefikiri mwenyewe."

Akaandika papo hapo, akanipa nisome: ninafaa kozi ya upishi.

Upishi!

Na hili naona haya kulikiri: nilimwambia ahsante. Ahsante ya nini? Nilipiga magoti kuokota shanga, na ulimi wangu bado una adabu.

Kabla hajapanda mashua nilimfuata ofisini, nikamwambia mbele ya makarani kuwa ripoti yake si ya haki. Akanijibu imekwisha kupigwa muhuri.

Basi nimekiandikia chuo chenyewe cha ng'ambo, moja kwa moja. Nimeeleza mashine yangu yote, nikaambatisha na michezo mitano ya Bwana Mkaguzi, hatua kwa hatua, jina lake juu. Barua imekwenda posta.

Nilidhani mama atanizuia.

"Enda," amesema. "Kwani nti za watu, huko ng'ambo, huenda wanaume tu?"

Wakinikatalia nitaandika tena. Ninachokihofia ni kimoja: jibu likichelewa, nitarudi kuwa mpole?