Sahani Tano Mlangoni Alfajiri

Chumba namba tisa, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Jumanne, tarehe 14, kabla jua halijapanda.

Mpendwa mdogo wangu, Baba Mapacha,

Hujambo wewe? Hawajambo wa nyumbani? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umeachia, au bado unaamka umejikunja? Na wifi yangu na pumu yake, baridi ya huko imemhurumia mwaka huu? Mapacha wameacha kupigana? Mimi leo sijambo. Nasema leo, maana wiki iliyopita nilikuwa chali kitandani, na habari hiyo nitakuja nayo taratibu, usinikimbize.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza mara ya tatu sasa kama nakuja kukaa nanyi au siji, na umeniambia chumba hakiwezi kuningoja zaidi ya mwisho wa mwezi huu, kwa sababu binti yako mkubwa anarudi kutoka chuoni na lazima apate pa kulala. Ni haki yenu. Mtu mwingine angeshanichoka zamani. Mara zote mbili nilikujibu kwamba siwezi kwa ajili ya paka. Kuja nao haiwezekani, wifi akikutana na manyoya ya paka kifua kinambana. Kuwaacha nako haiwezekani, kwa sababu hapa hakuna mtu anayejua nani anakula nini. Leo nimekaa nikujibu sawasawa, lakini kwanza nikueleze hao paka, maana najua ulikuwa ukisoma barua zangu unacheka.

Wako watano. Si wangu, mimi sikuwaita. Wanalala wanakojua wenyewe, ila saa kumi na moja alfajiri wote wako mlangoni kwangu wananidai kama nimewaajiri. Wa kwanza nimempa jina Mkaguzi. Huyo hagusi kitu mpaka apite kila sahani anusenuse, halafu anarudi kwenye yake, na yake ni maini ya kuchemsha, yaliyokatwa madogo, yaliyopoa. Yakiwa na uvuguvugu ananitazama kama nimemtukana. Bwana Harusi ni mweupe kotekote, anakula mkate uliolowekwa kwenye mchuzi, na sahani ikiwa na doa hasogei. Mama Watatu anataka dagaa, vichwa vimetolewa. Kibogoyo ni mzee, meno yamekwisha, chakula chake lazima kipondwe kama cha mtoto.

Wa tano ndiye Kibaka. Mdogo wangu, huyo hana shida na chakula, shida yake ni tabia. Ukimwekea sahani mbele yake hali. Mpaka uiweke dirishani, ugeuke, ujifanye unaosha sufuria, ndipo aje kuiba. Basi mimi kila asubuhi, na magoti haya, nasimama nimempa mgongo paka ili apate raha ya kuniibia chakula nilichompikia mwenyewe! Nimefika hapo.

Utasema dada amepata wazimu, lakini unajua nilikotoka. Miaka thelathini na moja kwenye jiko la hospitali si mchezo. Pale kila sahani ilikuwa na kadi yake. Hii bila chumvi, hii laini, hii bila sukari, hii ya mtu wa kesho upasuaji, asipewe kitu. Ukikosea kadi unaua mtu. Na mpishi wa asubuhi haondoki mpaka sahani zirudi kutoka wodini, kwa sababu sahani iliyorudi ndiyo ilikuwa inatuambia mgonjwa ana nafuu au hana. Iliyorudi imejaa, tunanyamaza. Iliyorudi nyeupe, tunapiga makofi. Nilipostaafu niliondoka na kaboksi ka kadi zilizobaki, na sasa kadi hizo ziko chini ya sahani za paka. Kibogoyo ana ya LAINI. Mama Watatu ana ya BILA CHUMVI. Najua paka hawasomi, usinicheke.

Nikuambie na jambo jingine ambalo sijawahi kukuandikia. Juzijuzi, kabla sijaugua, nilimwambia muuza mkate asante, sauti ikatoka imekwaruza kama mlango uliofungwa muda mrefu. Nikasimama pale nahesabu, nikagundua sijasema na binadamu tangu Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Tangu shemeji yako atutoke nyumba hii imekuwa kimya mpaka nasikia bomba la jirani likidondosha maji. Mfereji wangu wenyewe nilishautengeneza. Ninapowaambia paka karibuni, hao ndio watu wangu wa kuongea nao siku nzima. Ni upweke, mdogo wangu. Nimelizungukazunguka neno hilo miaka sita, leo nimelisema.

Sasa hiyo wiki iliyopita. Homa ilinishika Jumatatu usiku, kufika alfajiri miguu haikubali. Nikawasikia mlangoni wanalia, kila mmoja kwa sauti yake. Nikajikokota mpaka mlangoni, nikafungua, nikashindwa hata kuwasha jiko. Nililia kwa uchungu, si wa homa, wa kuwaza Kibogoyo atakula nini. Kelele hizo zikamfikia fundi viatu. Huyu ana kibanda chake chini ya ngazi na hufungua mapema kuliko wote. Akapanda akanikuta nimekaa sakafuni. Akanirudisha kitandani, akanitafutia dawa, nami nikamkabidhi kaboksi ka kadi na maelekezo yote, nani maini, nani mkate, nani ageuziwe mgongo. Akawa ananijibu, "Sawa, mama. Sawa, mama." Nikamwona mtu mwelewa, nikalala.

Siku mbili nililala hivyo. Alhamisi ikanipa nafuu, nikaamka kabla hakujapambazuka, nikashika ukuta mpaka kwenye ngazi, nichungulie wagonjwa wangu wanaendeleaje.

Mdogo wangu, chini pale palikuwa na karai moja. Moja tu! Ndani yake dagaa na vichwa vyao, makombo ya mkate na maji ya moto, vyote vimekorogwa pamoja. Vichwa vitano vimezama humo, mikia juu, hakuna anayegombana. Mkaguzi hajanusa chochote, anafakamia. Bwana Harusi mchuzi umemfika masikioni. Kibogoyo asiye na meno anatafuna upande upande, na Kibaka yuko katikati ya wenzake waziwazi, hana habari ya kuiba. Walipoondoka karai lilikuwa jeupe, hata harufu hawakuacha.

Nikashuka. Nikamuuliza fundi aliwapa nini siku zote hizo.

"Chakula, mama."

"Na huyu wa maini?"

"Huyu?" Akacheka. "Huyu ndiye mlafi kuliko wote."

Nikaangalia pembeni nikaiona kadi yangu ya LAINI ameikunja mara nne, ameitia chini ya mguu wa kiti chake kisiyumbe. Wala sikumlaumu, kiti kilikuwa kimetulia vizuri. Lakini iliniuma, nitakudanganya vipi? Miaka thelathini na moja sahani nyeupe ilikuwa furaha yangu, na siku hiyo nililitazama karai jeupe nikajiona si kitu si chochote. Fundi naye akaacha nyundo, akaniangalia usoni, akauliza, "Na wewe mama, umekula nini?" Basi. Hapo ndipo nilipoangua kilio mbele ya mtoto wa watu, na viatu vya wateja vimenizunguka. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliniuliza swali hilo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nilikudanganya, na nilijidanganya mwenyewe. Haikuwa paka. Wale wataishi, fundi amesema karai liko na yeye yuko. Kilichonizuia ni woga. Naogopa kufika kwako nikaketishwa sebuleni kwenye kiti kizuri, nikaletewa chai, nikaambiwa pumzika dada, na kila mtu akapita mbele yangu anakwenda kwenye shughuli zake. Hapa angalau kulikuwa na watano walionihitaji saa kumi na moja, au ndivyo nilivyoamini. Huko nitahitajiwa na nani? Nimekuwa mtu wa kulisha wenzangu tangu nikubebe wewe mgongoni, sijui kuwa mgeni, hata sijui mikono huwekwa wapi.

Lakini nakuja. Nimepiga moyo konde. Tarehe 25 nitapanda basi la kwanza, jioni uje stendi unipokee, mizigo ni begi moja na godoro langu. Asubuhi ya siku hiyo nitawapikia paka mara ya mwisho, kila mmoja cha kwake, wakitaka wasitake. Nitawakumbuka sana, nisikufiche.

Nisalimie wifi yangu, mwambie nguo zangu zote nitazifua mara mbili kabla sijazileta kifuani pake. Nisalimie binti yako mkubwa, mwambie shangazi hakoromi sana, tutalala chumba kimoja kama ataniruhusu. Mapacha wabusu mashavuni, wote wawili sawa, wasije wakapata la kugombania. Mwenyezi Mungu aweke mkono wake juu ya paa lenu, awape afya na riziki ya kila siku, anifikishe nikiwa mzima.

Nina ombi moja tu. Nikiamka asubuhi ya kwanza nitaingia jikoni kwenu, na nitamuuliza kila mmoja anapenda nini. Najua ni watu wema, watasema tunakula chochote, shangazi, usijisumbue. Tafadhali, mdogo wangu, kaa nao kabla sijafika uwaombe wanidanganye.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Dada Mkubwa.